Jeshi, sheria na risasi: Nini kinaweza kumaliza wizi wa mifugo Bonde la Ufa Kaskazini?

Kila tunapofungua laini za simu kwenye kipindi cha asubuhi na mada ikawa usalama, swali la kwanza huwa lile lile, liulizwe na mfugaji wa Tiaty, mkulima wa Bonde la Kerio au mwenye duka wa Kainuk. Kama serikali ina helikopta, magari ya kivita na wanajeshi, kwa nini vijana wachache wenye bunduki kuukuu bado wanafunga barabara na kuondoka na mifugo?

Swali la pili hutoka kwa wale ambao operesheni imewahi kuwakuta nyumbani: mwanajeshi akiingia bomani kwangu, sheria inamruhusu kufanya nini, na inanilinda vipi mimi ambaye sina bunduki wala sijaiba mbuzi wa mtu?

Dakika chache za simu hazitoshi kujibu maswali hayo. Ndiyo maana tumeyaandika hapa, uweze kusoma polepole kwenye simu yako, au umsomee mzee aliyekaa karibu nawe.

Jeshi liliingiaje?

Tarehe 10 Februari 2023 maafisa wa polisi walishambuliwa na majangili kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, na wanne wakauawa. Siku tatu baadaye, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, litawasaidia polisi katika kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Bunge la Kitaifa likaidhinisha hatua hiyo tarehe 15 Februari.

Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, naye akatangaza sehemu za kaunti hizo kuwa maeneo yenye vurugu na hatari. Kafyu ya usiku ikawekwa. Waliokuwa na bunduki haramu wakapewa siku tatu kuzisalimisha bila kushtakiwa. Mwezi Machi, wakazi wa sehemu kadhaa, yakiwemo maeneo ya milima ya Korkoron na bonde la Tandare, wakaambiwa wahame ndani ya saa 24 ili operesheni ifanyike. Operesheni yenyewe ikapewa jina la Maliza Uhalifu.

Waliounga mkono hatua hiyo walikuwa na sababu nzito. Polisi walikuwa wamezidiwa kwa muda mrefu. Hakuna aliyesahau Novemba 2012, pale zaidi ya maafisa 40 walipouawa katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi wakifuata mifugo iliyoibwa. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka chuoni muda mfupi tu. Mzazi aliyempoteza mtoto kwa njia hiyo huwezi kumwambia kwamba polisi wa kawaida wanatosha.

Katiba inasema nini?

Katiba ya 2010 haikatazi jeshi kutumika ndani ya nchi. Inaweka masharti. Kifungu cha 241 kinataja kazi tatu za jeshi. Ya kwanza ni kulinda nchi na mipaka yake. Ya pili ni kuzisaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au janga, na hapo jeshi lazima litoe ripoti kwa Bunge la Kitaifa. Ya tatu ni kurejesha amani mahali palipo na machafuko, na hiyo haiwezekani bila Bunge kuidhinisha.

Tofauti kati ya ile ya pili na ya tatu inaonekana ndogo, lakini ndipo mabishano huanzia. Katika dharura, Bunge linapewa ripoti. Katika machafuko, Bunge linaombwa ruhusa kwanza. Serikali yoyote ingependelea njia iliyo nyepesi zaidi.

Tuliyaona hayo tena Juni 2024, safari hii mijini, wakati wa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha. Jeshi lilitangazwa tarehe 25 Juni na Bunge likaidhinisha siku iliyofuata. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi hakulirudisha jeshi kambini, lakini aliiamuru serikali itangaze wazi mipaka ya kazi hiyo na muda wake. Kwa maneno mengine, jeshi likitoka kambini, wananchi wana haki ya kujua limetumwa kufanya nini na litarudi lini.

Jambo jingine ambalo wengi hulichanganya: eneo kutangazwa kuwa "lenye vurugu na hatari" si sawa na hali ya hatari ya kitaifa. Hali ya hatari hutangazwa na Rais chini ya Kifungu cha 58, na haiwezi kupita siku 14 bila Bunge kuiongeza. Hiyo haijatangazwa katika kaunti zetu. Kwa hiyo hata kafyu ikiwepo, haki zako za msingi zipo. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi kama saa hizo zinaangukia siku ambayo mahakama imefungwa. Na Kifungu cha 25 kinasema kuna mambo yasiyoweza kuondolewa na sheria yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na haki ya mahakama kuamuru mtu anayezuiliwa aletwe mbele yake.

Sheria kali zilipofika mahakamani

Kila shambulio kubwa linapotokea, wabunge huitisha sheria kali zaidi. Si kosa, maana ni kazi yao. Ila tuna somo la 2014 ambalo halikuisha vizuri.

Mwaka huo ulikuwa wa majonzi. Nchi ilikuwa bado inauguza jeraha la Westgate, ambapo watu 67 waliuawa Septemba 2013. Kisha, Novemba 2014, abiria 28 wakauawa kwenye basi kaunti ya Mandera, na siku chache baadaye wafanyakazi 36 wa timbo la mawe katika kaunti hiyo hiyo. Serikali ikapeleka bungeni Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama. Ulipitishwa tarehe 18 Desemba katika kikao cha makelele na kusukumana, na Rais Uhuru Kenyatta akautia saini kesho yake.

Mahakamani haukudumu mzima. Mwezi Januari 2015 sehemu nane zilisimamishwa, na mwezi Februari majaji watano wakaamua kwamba sehemu nane zilikuwa kinyume cha Katiba. Moja iliruhusu upande wa mashtaka kumficha mshtakiwa baadhi ya ushahidi. Nyingine iliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Nyingine ilitugusa sisi wa redio moja kwa moja: ilitishia faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa anayetangaza habari au picha zinazoweza kuleta hofu. Fikiria mtangazaji wa kijijini anayetoa onyo kwamba wezi wameonekana kwenye kivuko fulani. Je, hiyo ni habari ya kuokoa maisha au ya kuleta hofu?

Chini ya miezi minne baada ya sheria ile kutiwa saini, Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakauawa. Sisemi sheria ilisababisha, na sehemu zake nyingine zilibaki na zinatumika mpaka leo. Ninachosema ni kwamba sheria kuwa kali na mwananchi kuwa salama ni mambo mawili. Sheria iliyoandikwa kwa haraka hupoteza muda kortini wakati mhalifu anapanga safari yake.

Silaha kubwa zinafanya nini, na haziwezi nini

Sasa turudi kwenye helikopta na magari ya kivita.

Gari la kivita humlinda aliye ndani dhidi ya risasi. Kwenye barabara ya Kainuk hilo ni jambo kubwa. Linaweza kusindikiza magari ya abiria na kupeleka polisi mahali bila kuviziwa kama ilivyokuwa Suguta. Lakini gari hilo linahitaji njia. Anayeiba mifugo haendi kwa barabara. Anapita korongoni na kwenye mawe ambako hata punda huchagua pa kukanyaga.

Helikopta inaona mbali na inafika haraka. Tatizo lake ni kwamba kutoka juu, kundi la mbuzi walioibwa na kundi la mbuzi wa mwenyewe ni kitu kimoja. Kijana aliyebeba fimbo na aliyebeba bunduki wanafanana mpaka ushuke chini. Milimani kuna mapango, na ndani ya mapango hayo wakati mwingine kuna wezi, na wakati mwingine kuna akina mama waliokimbia wezi hao hao.

Upande wa pili, silaha ya mwizi ni ndogo na rahisi. AK-47 ilibuniwa Umoja wa Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 1940. Ina vipande vichache, inavumilia vumbi na matope, na kijana hujifunza kuitumia kwa siku chache. Huku kwetu zilizagaa hasa baada ya Idi Amin kuanguka 1979, Wakaramojong walipovunja ghala la silaha la kambi ya Moroto, na zikaongezeka kutokana na vita vya Sudan na kuanguka kwa serikali ya Mengistu kule Ethiopia 1991. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kwamba kufikia 2017 kulikuwa na bunduki kama 750,000 mikononi mwa raia Kenya. Zilizosajiliwa hazikufika 10,000.

Ukiweka mambo hayo pamoja unapata jibu la swali la kwanza. Silaha kubwa zilitengenezwa kupigana na adui mwenye kambi, ngome na magari. Mwizi wa mifugo hana hata kimoja. Jeshi likija, huficha bunduki, huvaa shuka, na huketi chini ya mti kama wachungaji wengine. Au huvuka mpaka wa kaunti akangoja. Jeshi linaweza kumsukuma kutoka mahali. Kummaliza ni kazi nyingine, na kazi hiyo inahitaji habari kutoka kwa watu, mpelelezi, shahidi na hakimu.

Haki itendeke pia kwa kusema kilichofanikiwa. Barabara zilizokuwa zimefungwa zilipitika tena kwa vipindi, na wahandisi wa jeshi walikarabati shule zilizokuwa zimehamwa kwa sababu ya mashambulizi. Mtoto kurudi darasani ni usalama pia. Lakini Mei 2025, zaidi ya miaka miwili baada ya operesheni kuanza, padri wa Kanisa Katoliki alipigwa risasi na kuuawa eneo la Tot, Bonde la Kerio. Ujangili haukuwa umekwisha.

Fuata risasi

Kuna jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha bungeni wala barazani. Bunduki hudumu miaka 40 ikitunzwa. Risasi hutumika mara moja tu. Bunduki isiyo na risasi ni rungu la chuma. Kwa hiyo anayetaka kuzima milio ya bunduki aulize kwanza: risasi zinatoka wapi?

Mwaka 2008 Small Arms Survey ilichapisha utafiti kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa watu Turkana Kaskazini. Kitako cha ganda la risasi huwa na alama za kiwanda, na alama hizo ndizo zilizosomwa. Watafiti walikadiria kwamba karibu nusu ya risasi hizo haramu zilitokana na polisi wa Kenya, na zilikuwa zimetengenezwa katika kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret. Baadhi ya jamii zilipewa kwa makusudi ili zijilinde dhidi ya wavamizi wa kutoka nje ya nchi, mahali ambapo polisi hawakuwepo.

Utafiti huo ni wa miaka mingi iliyopita na sitadai kwamba hali leo ni ile ile. Lakini unatuachia swali linalofaa kuulizwa kila mwaka: je, risasi zinazopewa polisi na polisi wa akiba zinahesabiwa zikitoka na zikirudi? Maganda yanayookotwa baada ya kila shambulio yanapelekwa kuchunguzwa, au yanabaki kuchezewa na watoto? Kazi hiyo haihitaji helikopta. Inahitaji daftari, maabara na mtu asiyeogopa kuandika alichokiona.

Hapa pia ndipo polisi wa akiba wanapoingia. Mwaka 2019 wengi wao walinyang'anywa bunduki kwa madai kwamba baadhi yao walikuwa wakizitumia vibaya, na baadaye serikali ikaanza kuwasajili upya. Wanaijua milima na wanaijua nyayo ya kila njia. Lakini ni watoto wa jamii hizo hizo zinazopigana, na bila mafunzo, malipo ya uhakika na hesabu ya risasi, bunduki ya ulinzi inaweza kuhama na kuwa bunduki ya uvamizi.

Karamoja na Wagalla: majirani wawili wa kujifunza kwao

Uganda imepita njia hii. Ilianza kuwapokonya Wakaramojong silaha kwa hiari mwaka 2001, kisha kwa nguvu kuanzia 2006, jeshi likizingira manyatta alfajiri na kupekua. Maelfu ya bunduki zilikusanywa, na kwa miaka kadhaa palikuwa na utulivu. Kufikia 2019 uvamizi ulikuwa umerudi, na 2021 jeshi likaanzisha operesheni nyingine, Usalama kwa Wote.

Sababu ni nyingi, lakini moja kila mfugaji anaielewa: aliyesalimisha bunduki alibaki kati ya majirani ambao hawakusalimisha. Ukinyang'anya boma moja fimbo na kuliachia boma la pili, umechagua nani ataibiwa. Nililelewa kwenye boma la wafugaji, na najua mzee anayeficha bunduki chini ya ghala si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mtu aliyehesabu kilomita kati yake na kituo cha polisi.

Turkana wamelipa gharama ya siasa hizo za mpakani. Aprili 2023 mahakama ya kijeshi ya Uganda iliwafunga wafugaji 32 wa Kiturkana miaka 20 kila mmoja kwa kupatikana na silaha. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Miezi michache baadaye bunge lao likapitisha sheria ya kuirudisha njia hiyo. Mfugaji anayevuka kutafuta malisho ajue jambo hilo kabla hajavuka.

Na Wagalla iko hapa hapa kwetu. Februari 1984, katika operesheni ya kutafuta silaha Wajir, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakashikiliwa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema huenda walikaribia 1,000. Ndiyo maana mzee wa Wajir akisikia neno operesheni haulizi silaha ngapi zitapatikana. Anauliza vijana wako wapi. Masharti ya Kifungu cha 241 tuliyoyaeleza juu hayakuandikwa na watu wanaopenda majangili. Yaliandikwa na nchi iliyokwisha kuona jeshi likifanya kazi bila anayeuliza.

Unaweza kufanya nini?

Kwanza, muulize mbunge wako. Mbunge wa Bunge la Kitaifa ndiye mwenye mamlaka ya kupokea ripoti ya jeshi na kupiga kura. Muulize ripoti ya mwisho ililetwa lini, bunduki ngapi zilikusanywa, watu wangapi walishtakiwa na wangapi walihukumiwa. Kama wanaoshtakiwa hawahukumiwi, tujue kwamba hata silaha zikikusanywa, kazi haijakamilika.

Pili, ukiibiwa, andikisha kituoni na uchukue nambari ya OB. Eleza idadi, rangi na alama za mifugo yako. Bila maandishi hayo, hata mwizi akipatikana kesi huanguka.

Tatu, ukidhulumiwa na polisi, malalamiko hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi. Kumbuka IPOA haina mamlaka juu ya wanajeshi. Kwa wanajeshi, pa kuanzia ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, au mahakama. Andika tarehe, saa, mahali na majina ya mashahidi siku ile ile, kabla kumbukumbu haijafifia.

Nne, kwenye baraza, chifu akitangaza usalimishaji wa silaha, uliza jambo moja kwa sauti: je, ng'ambo ya pili ya bonde wanasalimisha siku hiyo hiyo? Na baada ya kusalimisha, nani atalala macho kwa niaba yetu? Kiongozi mwenye jibu la maswali hayo mawili ana mpango. Asiye na jibu ana tangazo tu.

Kwa maoni yangu, jeshi lina nafasi yake. Linaweza kufungua barabara na kuwapa watu pumzi. Lakini pumzi hiyo ni ya muda, na mambo ya kudumu lazima yafanyike ndani yake: upokonyaji wa silaha pande zote kwa wakati mmoja, hesabu ya risasi, kesi zinazofika mwisho, na kituo cha polisi kilicho karibu na malisho. Hayo yasipofanyika, ndege zitaondoka na mwizi atashuka tena mlimani, akijua njia vizuri kuliko mwanzo.

Tutaendelea na mada hii kwenye kipindi cha asubuhi. Tutumie swali lako kwa ujumbe mfupi, utaje kaunti yako tu. Jina si lazima.